Esheki ya Kwenye Fonie na Kaseti ya Ushindi Wangu

Vijana wa esheki, Papa Kalunga anawaandikia. Munanijua: mimi ni yule muzee wa kiti cha plastiki karibu na mulango wa sale ya mikutano ya parokia, anayesema kila Jumamosi wakati ninyi mumeinamia sataranji yenu na munataka kimya. Leo mudomo umepumzika, mukono unafanya kazi. Nilisoma hadi mwaka wa tatu wa primere, kisha shule ikachoka na mimi, au mimi nikachoka na shule, hatukuelewana ni nani alianza. Mukiona kosa la kuandika, mulipake rangi nyekundu kama simu zenu zinavyofanya, halafu muendelee kusoma.

Habari ya hizo simu ndiyo imenikalisha hapa. Nimewatazama. Munamaliza muchezo, munafungua simu, nayo inawaonyesha: hapa vizuri, hapa kosa, hapa kosa kubwa. Mumoja wenu anasema "ah, kumbe farasi", anafunga, anapanga upya, na chai haijapoa ameshafanya kosa lile lile kwa furaha ile ile. Simu imemwambia pale alipoanguka. Haikumwambia ni nani aliyemusukuma. Mimi aliyekuwa ananisukuma nilimupata kwa kaseti, tena nilichelewa kumupata, maana nilikuwa namutafuta mbali, kule Bendera kwenye mitambo ya umeme, na yeye alikuwa amekaa kwenye kiti changu.

Kazi yangu ilikuwa fonie. Ninyi mumezaliwa mumekuta simu mufukoni, kwa hiyo nieleze. Fonie ilikuwa radio ya kusema na kusikia, yenye batri ya gari chini ya meza na waya mrefu juu ya nyumba. Muntu akitaka kumwambia ndugu yake wa Mpala kwamba mutoto amezaliwa, au wa Kirungu kwamba maharagi yashuke na mashua ya kwanza, alikuja kwetu. Mimi nilibonyeza kifungo cha mikro, nikaita kituo, nikasema maneno, nikamaliza na "nasikiliza". Wa kule alirudilia yote neno kwa neno. Kama ni sawa, nikasema ni sawa. Vituo vyote vya pembeni ya ziwa vilikuwa kwenye njia moja, kwa hiyo siri hazikuwa nyingi, na wote tulijua nani ameoa na nani ameoa tena.

Nyumba ya fonie ilikuwa ya Mama Vero, nyuma ya soko la hapa Kalemie. Alinichukua kwa sababu ya sauti, hakuuliza diplome. Alinisimamisha mbele ya mikro, akaniambia niite Kirungu siku ya mvua kubwa, na Kirungu wakajibu kwamba nisipige kelele, wanasikia. Kazi ikawa yangu.

Sheria ya kwanza aliyonifundisha ni hii: fonie haipendi kimya. Ukishika njia halafu ukanyamaza, vituo vingine vinafikiri mutambo wako umekufa, vinapita juu yako, na muteja wako anapeleka maneno yake kwa jirani. Operateri akitafuta neno, anajaza nafasi: "Subiri Mpala, nipo, nipo, usiende, nipo." Sheria hiyo niliishika vizuri kupita kiasi.

Esheki nilifundishwa na Papa Mulongo. Alikuwa amezeekea kwenye reli, kazi yake kugeuza njia pale gare, kwenye stesheni, ili gari la reli liende upande wake. Baada ya kupata pansheni alikuja kila siku kwenye fonie kungoja habari za mutoto wake aliyekuwa Moba. Mutoto hakuwa muntu wa kusema sana, kwa hiyo muzee akaanza kuja na ubao wa esheki. Alinionyesha pioni, wale askari wadogo wa mbele, munara unavyokwenda mbele na pembeni kama gari la reli, farasi anavyoruka, na yule anayekwenda mushazari, ambaye Wafaransa wanamwita mwenda-wazimu na sisi hatukuona sababu ya kumubadilisha. Nikaelewa haraka. Nikamushinda haraka pia, hilo mulisikie, sina haja ya kulificha.

Shida ilitoka Bendera. Kule kwenye mitambo ya umeme kulikuwa na Papa Kyungu, muchungaji wa turbine, na kazi yake ilikuwa kukaa karibu na mutambo na kuhakikisha hakuna kinachotokea. Walikuwa na fonie yao. Siku moja, saa sita muchana wakati wateja wamekwenda kula, akasikia mimi na Papa Mulongo tunabishana juu ya farasi, maana nilikuwa nimesahau kidole kwenye kifungo. Akasema, kwa sauti ya chini kama muntu aliye kanisani: "Kalemie, huko munacheza esheki? Nasikiliza."

Basi tukaanza kucheza kwa fonie. Herufi za Kifaransa kwenye radio zinafanana zote, be, de, ge, pe, kwa hiyo tukazipa njia za ubao majina: Asali, Boga, Chumvi, Debe, Embe, Fimbo, Gari, Hema, na vyumba vya kila njia tukavihesabu moja hadi nane. Nikisema "farasi Fimbo tatu", yeye anamweka farasi pale kwenye ubao wake, anarudilia, kisha anacheza. Na tukaweka desturi, ambayo wazo lake lilikuwa langu: anayeshindwa, kesho yake asubuhi kabla ya kazi kuanza, anatangaza mwenyewe, kwa sauti yake, kwa vituo vyote. Nilipenda sana desturi hiyo. Kichwani nilikuwa nimeshaanza kumusikia Kyungu akitangaza.

Nikatangaza mimi. "Kalemie kwa vituo vyote. Jana nimeshindwa na Bendera. Narudilia: nimeshindwa na Bendera. Nasikiliza." Wiki iliyofuata nikatangaza tena. Na iliyofuata. Operateri wa Mpala, dada mumoja aliyeitwa Odile, akawa anafungua njia asubuhi kwa kuniuliza: "Papa Kalunga, leo unatangaza ao unatuachia nafasi?"

Sasa muelewe muchezo wetu ulivyokuwa. Esheki ya fonie haikuwa ya kimya. Watu wa vituo vyote walisikiliza, na mimi niliwapa kitu cha kusikiliza. Nikimwona Kyungu ameacha pioni yake bila mulinzi kwenye Boga saba, nilisema: "Bendera, malkia wangu anaenda kuvuna boga kwenye shamba lako. Mwambie bibi yako aweke maji kwenye moto. Nasikiliza." Mpala walibonyeza kifungo ili tuwasikie wakicheka. Kirungu wakacheka. Kyungu akarudilia kama muntu anayesoma bei ya chumvi: "Malkia Boga saba. Sawa." Kisha kimya. Kisha: "Farasi Asali tano." Na malkia wangu akawa amezungukwa kule shambani na boga lake mukononi, milango yote imefungwa.

Mama Vero aliniita siku moja baada ya soko kufungwa. Alikuwa mwanamuke wa maneno machache, na machache hayo alikuwa ameyapima.

"Papa Kalunga, leo mama mumoja wa samaki amekuja na ujumbe wa kilio cha musiba, wa kupeleka Mpala. Amekuona kwenye mikro, akarudi nyuma."

"Sababu?"

"Amesema: huyu haonaki farasi aliyesimama mbele yake, njo ataona maneno yangu? Ameenda kwa jirani."

"Esheki ni esheki, Mama. Kazi ni kazi."

"Sauti yako njo duka yangu. Wakikucheka wewe, wanacheka duka. Ukitangaza tena mara moja, ninaweka muntu mwingine kwenye kiti. Sikuchukii, Papa. Ninaweka tu."

"Basi niache kucheza."

"Uache sasa, waseme umekimbia? Hapana. Cheza, ushinde, kisha uache."

Nilikuwa na watoto wa kulisha na sina kazi nyingine ninayoijua isipokuwa mudomo. Muchezo uliofuata ulikuwa umepangwa Jumamosi.

Hapa ndipo kaseti inaingia. Pembeni ya fonie kulikuwa na radio-kaseti ya Mama Vero. Wateja wengine walichelewa, ndugu yao wa Moba akawa amesema na kuondoka, kwa hiyo tuliweka sauti kwenye kaseti ili muteja akija asikie mwenyewe. Mimi nilikuwa naiwasha pia saa ya esheki, kwa sababu nilitaka kubaki na mizaha yangu. Ndiyo, mizaha. Hiyo michezo niliyoshindwa niliihifadhi kwa ajili ya sehemu zile nilizosema vizuri.

Papa Mulongo akasema: "Uko na michezo yako yote humo na unalia? Leta."

Nikaweka kaseti, nikaipeleka moja kwa moja pale malkia alipokufa. Nikapanga ubao. Nikamwonyesha: kosa ni hapa. Alinitazama kama vile alivyowatazama makarani wapya pale gare.

"Gari likilala chini," akasema, "muntu asiyejua kazi anaenda kuangalia pale lilipolala. Anapima magurudumu, anakuna kichwa. Mimi narudi nyuma, kwenye njia panda. Njo pale lilipotea. Rudisha."

Tulirudisha kwa kalamu ya biki, tukizungusha kaseti kwa mukono, kwa sababu kurudisha kwa mashine kunakula mawe ya radio, yaani betri zake, na mawe yalikuwa ya Mama Vero. Kisha akanifundisha namna ambayo bado ninaitumia. Sikiliza hadi pale Kyungu anapocheza, kisha simamisha. Usisikilize ulichojibu. Angalia ubao, sema kwa sauti utakachocheza leo, kisha ndiyo uachilie kaseti ikuambie ulichocheza siku ile. Sema kwanza, sikia baadaye. Ukisikia kwanza, utajidanganya kwamba ulikuwa unajua. Ninyi munafungua simu kabla ya kusema neno lenu, kwa hiyo simu ndiyo inayojifunza, si ninyi.

Tulifanya hivyo wiki nzima, mimi na muzee na ubao, kila saa sita muchana. Jambo la kwanza lililoniudhi ni kwamba nilikuwa muchezaji muzuri. Kila mara tuliposimamisha kaseti, nilisema mwendo muzuri. Boga saba? Hapana, hata mutoto haendi pale, nitaweka munara wangu njia ya Debe. Kisha tunaachilia kaseti, na muntu mwenye sauti yangu anacheka na kwenda kuvuna boga.

"Huyo ni nani?" akauliza Papa Mulongo.

"Ni mimi."

"Hapana. Wewe umesema munara. Huyo njo nani?"

Jambo la pili ndilo lililokuwa na maana, na halikuwa kwenye ubao. Lilikuwa kwenye sauti. Kyungu akimaliza kucheza, mimi naanza palepale: "Nimepata Bendera, nipo, nipo, naangalia, usiende..." Simalizi hata pumzi moja, mwendo unatoka. Mara chache nilizofikiri vizuri ni zile kaseti ilipokwisha upande mumoja, nikanyamaza bila kupenda kungoja muntu aigeuze, muzaha wangu usipotee. Pale pengine pote nilikuwa operateri. Nilikuwa najaza nafasi ili Mpala wasifikiri mutambo umekufa. Pioni zangu zilitembea, farasi zangu zilikufa, malkia wangu aliuzwa, yote kwa sababu fonie haipendi kimya.

Na mizaha? Kila muzaha muzuri ulifuatwa na mwendo mubaya, maana muntu akishasema "naenda kuvuna", hawezi kusema "ngoja kwanza niangalie shamba".

Papa Mulongo akafunga ubao. "Basi Jumamosi, weka mukono chini ya paja," akasema. "Ule wa kifungo."

Jumamosi ile vituo vyote vilikuwepo. Odile wa Mpala alisema amekula mapema. Nikaanza, mwendo wa kwanza, wa pili, bila muzaha. Kirungu wakauliza kama ninaumwa. Nikajibu kwamba sijambo, na nikarudi kukalia mukono wangu. Muchezo ukaenda sawa kwa sawa, mbele zaidi kuliko michezo yangu yote, hadi tukafika pale ambapo njia ya Debe ilikuwa wazi, mufalme wangu kwenye Gari moja, farasi wa Kyungu katikati kwenye Embe tano, na mufalme wake amejifungia nyuma ya pioni zake mwenyewe. Nikaona kwamba kuna kitu. Sikujua ni kitu gani. Nikanyamaza.

Nilinyamaza kwa namna ambayo sijawahi kunyamaza, hata kwenye kilio. 

"Kalemie, nasikiliza," akasema Kyungu.

Mimi kimya.

"Kalemie, Kalemie, hapa Mpala," akasema Odile. "Unatupata?"

Kimya.

"Batri yake imekufa," wakasema Kirungu. "Ao yeye mwenyewe."

"Mumoja aende kumwambia Mama Vero," akasema mwingine, sijui wa wapi. Na kwa kuwa jirani yetu naye alikuwa na fonie, na alifurahi sana kusikia kwamba yetu imekufa, alituma muntu mbio hadi sokoni.

Mama Vero aliingia na mukono wenye unga wa muhogo. Akaona taa ya mutambo inawaka. Akaniona mimi nimekalia mukono, macho kwenye ubao. Akasikia vituo vinaniita kama marehemu. Akanyoosha mukono kuchukua mikro.

"Mama," nikasema, "subiri."

"Wanasema fonie yangu imekufa."

"Ninafikiri."

Hakuwa amewahi kunisikia nikisema hivyo. Akasimama nyuma yangu, unga unadondoka kwenye bega langu, Papa Mulongo pembeni ameshika ndevu. Niliangalia hadi kila kitu kikawa wazi. Nikabonyeza kifungo. "Malkia Debe mbili. Nasikiliza."

Kyungu alijibu haraka, haraka kuliko kawaida yake: munara wake uliacha mustari wa nyuma uliokuwa unaulinda, ukala pioni yangu ya Asali nne. "Malkia Debe nane," nikasema, na mufalme wake hakuwa na mulango, pioni zake zilikuwa zimemufungia ndani. Mpala walilia kwa furaha. Mama Vero akapangusa unga kwenye bega langu, akasema, "Sasa uache," akarudi sokoni.

Kesho yake Kyungu alitangaza. Kiti kikabaki changu. Yule mama wa samaki alirudi na ujumbe mwingine, na nilimupelekea maneno yake bila kuongeza lolote. Nilikaa mbele ya mikro ile hadi simu zilipofika na wateja wakaanza kusema wenyewe, vibaya, bila kurudilia, na Mama Vero akauza mutambo. Kaseti alinipa mimi. Papa Mulongo alikuwa ameshatutangulia.

Miaka yote hiyo nilisikiliza kaseti za kushindwa. Nilizisikiliza hadi nyingine zikaliwa na mashine. Kaseti ya ushindi niliisikiliza pia, lakini mwisho wake tu, kuanzia "Debe nane", kwa sababu pale ndipo Mpala wanalia.

Papa Kyungu naye amestaafu, amehamia Kalemie kwa binti yake. Mumemwona, ni yule anayekaa karibu na mimi na kusinzia munapocheza vibaya. Mwezi uliopita nilimwalika nyumbani nimwonyeshe, kwa heshima zote, alivyoshindwa. Nikapanga ubao, nikaweka kaseti, nikaachilia hadi "malkia Debe mbili", nikasimamisha. Na kwa mazoea tu, mudomo ukatoka mbele yangu: "Sema kwanza. Leo ungecheza nini?"

Aliangalia ubao. Hakuchelewa.

"Farasi Fimbo tatu."

Nikaangalia. Farasi kutoka Embe tano anaruka Fimbo tatu, anamugusa mufalme wangu kwenye Gari moja, na anamugusa malkia wangu kwenye Debe mbili. Hakuna wa kumula, maana pioni yangu ya Gari ilikuwa imeshatembea. Mufalme lazima akimbie. Malkia anabaki kuliwa. Muchezo umekwisha, na mikro pamoja nao.

Nikahesabu vyumba kwa kidole, mara mbili. 

"Ulikuwa unaona hiyo?" nikamuuliza. "Siku ile?"

"Siku ile sikuona kitu," akasema. "Wewe ulinyamaza."

"Wewe njo muntu wa kimya. Kimya kingekufanya nini?"

"Nani amekuambia? Kalunga, nimekaa karibu na turbine maisha yangu yote. Turbine iko inasema muchana na usiku, wewe unalala vizuri. Ikinyamaza, unakimbia, maana kitu kimevunjika. Wewe siku zote ulikuwa unasema, unasema, na mimi nafikiri vizuri. Siku ile uliponyamaza, miguu ilisimama yenyewe. Nilicheza nikiwa nimesimama, nikitafuta ufunguo wa kufungua mutambo."

Kumbe ndivyo. Mimi nilifikiri nimeshinda kwa akili, na nilikuwa nimemuzimia mwenzangu turbine.

Alichukua farasi, akamuweka Fimbo tatu, akamwacha pale.

"Basi utatangaza," akasema.

"Nitangaze nini? Nilishinda."

"Muchezo njo wako, baki nao. Lakini ule mwendo utautangaza. Desturi wazo lake njo lako."

"Fonie haiko tena."

"Andikia batoto wa parokia."

Ndiyo maana nimeandika. Vijana, muhifadhi michezo yenu, na muhifadhi hata munachosema munapocheza. Museme kwanza, musikie baadaye. Na ile munayoshinda, muisikilize kuanzia kwenye kimya, si kuanzia pale watu wanaposhangilia.

Kalemie kwa vituo vyote. Jumamosi ile, Mama Vero akiwa amesimama nyuma yangu, nilifikiri kuliko siku zote za maisha yangu, halafu nikaweka malkia wangu Debe mbili, mbele ya farasi. Narudilia: malkia Debe mbili, mbele ya farasi. Mwendo huo uliniachia kiti, na kiti kililisha nyumba yangu hadi simu zenu zilipofika. Mukiupaka rangi nyekundu, muupake polepole.

Nasikiliza.